Kulinganisha Viwango vya Mawakala wa Programu: Hotuba kwa Waundaji wa Mifumo, Kigoma

Ndugu wahandisi wa programu, walimu wa TEHAMA, mawakala wa forodha mlioacha shughuli za bandarini ili kuwa nasi, na wageni wetu mliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura na Kalemie, nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza. Nimeombwa nilinganishe viwango vinavyotumika kuunda mawakala wa programu, nami nitafanya hivyo nikiitazama kazi ambayo wengi wenu mnaifahamu kuliko mimi, yaani safari ya mzigo kutoka ghalani hapa Kigoma hadi ng'ambo ya ziwa.

Tumchukue mfanyabiashara wa Bujumbura anayehitaji mifuko 500 ya saruji. Kwa kawaida atapiga simu, atatuma ujumbe, na mwisho atamtuma mtu. Teknolojia tunayoizungumzia inamwezesha kumwachia kazi hiyo wakala wa programu, yaani programu inayopewa lengo, ikachagua yenyewe hatua za kulifikia, ikaita programu nyingine, ikasoma majibu na kuamua linalofuata bila kushikwa mkono kila mara. Wakala huyo ataulizana na wakala wa ghala juu ya bei, na wakala wa mwenye meli juu ya nafasi, na wakala wa ofisi ya forodha juu ya nyaraka. Programu hizo nne zitakuwa zimeandikwa na watu wasiojuana, kwa lugha tofauti za kompyuta na kwa viunzi tofauti. Ili zielewane, lazima pawepo mambo ambayo waandishi wake waliyakubali kabla hazijakutana, na mambo hayo ndiyo kiwango.

Hoja yangu ni kwamba kiwango cha mawakala kipimwe kwanza kwa jinsi kinavyoshughulikia kukataa, kuchelewa na kushindwa. Mambo yanapokwenda sawa, karibu kila kiwango kinatosha, na maonyesho ya wauzaji hufanywa wakati mambo yanakwenda sawa.

Naomba tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo huchanganywa hata katika nyaraka za zabuni. Kiunzi ni msimbo ulioandikwa tayari ambao mhandisi anajenga juu yake. Kiwango ni makubaliano yaliyoandikwa ambayo mtu yeyote anaweza kuyatekeleza kwa msimbo wake mwenyewe. Viunzi huzaliwa na kupitwa na wakati haraka mno. LangChain ilitoka Oktoba 2022, AutoGen ya Microsoft ikafuata mwaka 2023. Oktoba 2024 OpenAI ilitoa kiunzi cha majaribio kilichoitwa Swarm, na kufikia Machi 2025 ilikuwa imekibadilisha kwa kingine. Oktoba 2025 Microsoft nayo ikatangaza kiunzi kipya cha kuunganisha AutoGen na kiunzi chake kingine, Semantic Kernel, na hivyo waliokuwa wamejenga juu ya hivyo viwili wakajikuta wana kazi ya kuhama. Sisemi haya kwa kuzilaumu kampuni hizo, kwa maana fani yenyewe bado changa. Nasema kwamba ofisi inayoandika katika zabuni yake jina la kiunzi badala ya jina la kiwango inajifunga kwenye kitu ambacho huenda aliyekitengeneza atakiacha kabla mkataba haujaisha.

Viwango vya mawakala havikuanza na modeli za lugha za miaka hii, yaani programu za akili bandia zinazosoma na kuandika maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mradi wa Marekani uliofadhiliwa na DARPA, taasisi ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, ilibuniwa KQML, lugha ya mawakala kuulizana na kuarifiana. Mwaka 1996 ikaanzishwa nchini Uswisi FIPA, taasisi ya kuandika viwango vya mawakala, ambayo kufikia mwaka 2002 ilikuwa imepandisha maandiko yake 25 kuwa viwango kamili, na mwaka 2005 ikaingia katika IEEE Computer Society, jumuiya ya wanataaluma wa kompyuta, kama mojawapo ya kamati zake za viwango. Wakati huohuo palikuwapo pia MASIF ya jumuiya ya OMG, iliyowahusu mawakala wanaohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lakini wazo la kuhamahama halikushika mizizi, kwa hiyo sitakaa nalo.

FIPA ndiyo inayostahili muda wetu. Iliona kwamba ujumbe wa wakala ni tendo, kama vile mtu anayesema naahidi au nakataa anavyokuwa ametenda jambo kwa kusema. Kwa hiyo ikaorodhesha matendo 22 ya mawasiliano: kuarifu, kuomba, kukubali, kukataa, kuita zabuni, kupendekeza, kupokea pendekezo, kulikataa pendekezo, kutangaza kushindwa, na hata kusema kwamba sikuelewa. Ujumbe wake una sehemu 13, na kati ya hizo ni moja tu isiyoweza kukosekana, nayo ni jina la tendo. Miongoni mwa zilizobaki mna utambulisho wa mazungumzo, jina la itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo, inayofuatwa, jina la msamiati ambao pande zote mbili zinautumia, na muda ambao jibu linapaswa kuwa limefika.

Tazameni jinsi hayo yanavyofaa katika mfano wetu. Itifaki ya zabuni ambayo FIPA iliiweka katika viwango vyake ilitokana na kazi ya Reid Smith ya mwaka 1980. Kwa itifaki hiyo, wakala wa mfanyabiashara wa Bujumbura anawaita wenye meli na kuwapa muda wa mwisho wa kujibu. Kila mmoja ama anapendekeza bei na siku, ama anakataa. Mwitaji anapokea pendekezo moja na kuyakataa mengine waziwazi. Kisha aliyeshinda anawajibika kuleta taarifa kwamba kazi imekamilika au imeshindikana. Hakuna anayeachwa akisubiri bila kujua kama alishinda au alishindwa. Mtu aliyewahi kushikilia nafasi ya mzigo melini kwa ajili ya mteja asiyerudi anaelewa thamani ya sharti hilo.

Mbona basi FIPA haikutawala, ingawa ilikuwa na kiunzi kizuri kama JADE, kilichotoka katika maabara za Telecom Italia na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2000? Sababu moja ni uzito, kwani ilidai jukwaa kamili lenye msimamizi wa mawakala na daftari la huduma zao, wakati ulimwengu ulikuwa ukielekea kwenye huduma nyepesi za wavuti. Sababu nyingine ni ya ndani zaidi, na mtafiti Munindar Singh aliieleza mapema, mwaka 1998. Maana ya kila tendo katika lugha hizo ilifafanuliwa kwa imani na nia za wakala: anayearifu lazima awe anaamini anachoarifu. Lakini mtu wa nje hawezi kuichungulia nia ya programu iliyoandikwa na mwingine, na kwa hiyo hawezi kuthibitisha kama imefuata kiwango. Singh alishauri maana iegemee wajibu wa hadharani, unaoweza kukaguliwa kwa kumbukumbu za ujumbe uliotumwa na kupokewa. Ushauri huo una nguvu kubwa zaidi leo, kwa kuwa wakala anayeendeshwa na modeli ya lugha hawezi kuonyeshwa imani yake ilipo hata na aliyemuunda.

Sasa nije kwenye viwango vya siku hizi. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, iliyochukua mfano wa itifaki ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2016 kwa ajili ya vihariri vya msimbo. MCP inamuunganisha wakala na zana na data. Seva hutangaza zana inazotoa, rasilimali zinazoweza kusomwa, na violezo vya maagizo, na mazungumzo yote hupita katika muundo wa JSON-RPC 2.0, ambao ni namna ya programu kutumiana maombi na majibu. Aprili 2025 Google ikatangaza Agent2Agent, yaani A2A, inayomuunganisha wakala na wakala mwenzake bila mmoja kuona kumbukumbu au zana za ndani za mwingine. Juni mwaka huohuo A2A ikakabidhiwa Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida inayosimamia miradi ya programu huria, na mnamo Agosti itifaki ya IBM iliyofanana nayo ikaungana nayo. Desemba 2025 MCP pia ikawekwa chini ya mfuko maalumu ndani ya Linux Foundation. Ninauona uhamisho huo kuwa wa maana sana, kwa sababu kiwango kinachomilikiwa na kampuni moja kinaweza kubadilishwa kwa maslahi ya kampuni hiyo, na sisi wa huku hatuna kiti cha kuketi wala sauti ya kupinga.

Wengi huuliza ipi bora kati ya MCP na A2A. Hazifanyi kazi ileile, na mfumo mmoja unaweza kuzitumia zote mbili: wakala wa ghala akaongea na daftari lake la bidhaa kwa MCP, na akaongea na wakala wa Bujumbura kwa A2A. Lakini zinalinganishika kwa kipimo nilichokitaja, cha kukataa na kushindwa, na hapo tofauti ni kubwa.

Katika MCP zana ikiitwa na ikashindikana, makosa ni ya aina mbili: kosa la itifaki yenyewe, kama kuita zana isiyokuwapo, na kosa la utekelezaji, ambalo hurudishwa ndani ya jibu likiwa na alama kwamba ni kosa. Zaidi ya alama hiyo, maelezo ni maandishi ya kawaida ambayo modeli itayasoma na kuyafasiri. Kama meli imejaa, kama nyaraka hazijakamilika, au kama seva ilijaribu ikashindwa katikati, itifaki haimlazimishi mtu kuyatofautisha. A2A imefika mbali zaidi. Kazi iliyoombwa ina utambulisho wake na hali zake: imepokewa, inafanyiwa kazi, inahitaji maelezo zaidi, inahitaji idhini, imekamilika, imefutwa, imeshindwa, imekataliwa. Kukataliwa na kushindwa vimetenganishwa, kama FIPA ilivyovitenganisha. Hata hivyo A2A haina matendo ya kuita zabuni, kupendekeza na kupokea pendekezo. Mapatano ya bei yanabaki ndani ya maneno ya ujumbe, na kama wakala alisema nakubali au alisema tutaangalia, ni modeli itakayoamua. Kwa biashara ya bandarini hilo ni pengo la kweli, na anayejenga juu ya A2A lazima alizibe yeye mwenyewe.

Kuchelewa nako kunahitaji kuangaliwa na watu wa mkoa huu. Mtandao hukatika, na majibu ya forodha yanaweza kuchukua siku. FIPA iliweka muda wa mwisho wa jibu ndani ya ujumbe wenyewe. MCP ilianza kwa kudhani kwamba ombi hujibiwa papo hapo, ikawashauri watekelezaji waweke kikomo cha kusubiri, na ni katika toleo la Novemba 2025 ndipo ilipoingiza kazi za muda mrefu, tena kwa majaribio. Katika A2A kazi hubaki hai upande wa mtoa huduma. Aliyeomba akikatikiwa na mtandao anaweza kurudi baadaye na utambulisho wa kazi akauliza imefikia wapi, au akaacha anwani ya kuarifiwa.

Liko jambo dogo hapa linaloweza kuleta hasara kubwa. Wakala anatuma agizo la mifuko 500, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, naye anatuma tena. Utambulisho wa ombi katika JSON-RPC upo kwa ajili ya kulioanisha jibu na ombi lake, wala hauzuii agizo lililorudiwa kutekelezwa mara mbili. MCP inamruhusu mwenye zana kudokeza kwamba kuirudia hakuleti madhara, lakini andiko lenyewe linaonya kwamba vidokezo vya namna hiyo visiaminiwe visipotoka kwenye seva inayoaminika. Kwa hiyo nawasihi kila zana inayoagiza, inayolipa au inayohifadhi nafasi idai namba ya agizo iliyotolewa na mteja, na ikiipokea namba ileile mara ya pili irudishe jibu la kwanza bila kutenda tena. Ni kazi ya saa chache kwa mhandisi, na kiunzi hakitawafanyia.

Mnapoyasoma maandiko haya, angalieni maneno ya wajibu. Tangu mwaka 1997 jumuiya ya wahandisi wa intaneti, IETF, ina waraka namba 2119 unaoeleza tofauti kati ya lazima, inapasa na inaweza, na waandishi wengi wa viwango huufuata. MCP inasema inapasa awepo daima binadamu mwenye uwezo wa kukataa zana isiitwe. Haisemi lazima. Maana yake ni kwamba mfumo unaomuuliza karani kabla ya kulipa na mfumo usiomuuliza yeyote vyote viwili vinaweza kudai kwamba vinafuata kiwango. Mteja akitaka lazima, ailete yeye katika mkataba. Na sababu ya kuitaka ipo: jumuiya ya OWASP, inayoshughulikia usalama wa programu, katika orodha yake ya hatari za programu zinazotumia modeli za lugha, imeiweka nafasi ya kwanza hatari ya maagizo kupenyezwa ndani ya maandishi ambayo modeli inayasoma. Hati ya mzigo yenye sentensi iliyofichwa inaweza kumgeuza wakala atende asilotumwa, na hakuna itifaki kati ya hizi inayoiondoa hatari hiyo kwa kuitumia tu.

Matoleo nayo yasipuuzwe. MCP huyataja matoleo yake kwa tarehe, na toleo la Machi 2025 liliongeza uwezo wa kutuma maombi kwa mafungu, kisha toleo la Juni 2025 likauondoa. Aliyeharakisha kuujenga alijenga kitu cha miezi mitatu. Ushauri wangu ni kuandika toleo mahususi katika kila mkataba, na kuiweka mantiki ya kazi yenu, yaani bei, vibali na hesabu za mzigo, katika moduli zisizojua kabisa ni itifaki gani inayotumika mlangoni.

Sheria nayo iko nje ya viwango hivi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi, na wakala anayetuma jina na namba ya simu ya mpokeaji mzigo kwa seva ya ng'ambo ya ziwa, au kwa modeli iliyoko bara jingine, anaigusa sheria hiyo. Itifaki itausafirisha ujumbe huo bila kuuliza. Mhandisi ndiye anayepaswa kuuliza.

Nimalizie na msamiati, ambao FIPA iliupa sehemu yake katika ujumbe, ilhali viwango vipya vimeuachia maelezo ya kawaida. MCP hukagua umbo la data kwa JSON Schema, yaani maelezo ya data ipi iwe ya aina gani, kwa hiyo itajua kwamba 500 ni namba, lakini haitajua kama ni mifuko au tani. Mifuko 500 ya kilo 50 ni tani 25. Tani 500 ni mifuko 10,000. Upande mmoja wa ziwa nyaraka zinaandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, upande mwingine kwa Kifaransa, na modeli inayosoma maelezo ya zana katika lugha hizo tatu itakisia pale yanapopishana. Hatuna haja ya kuubuni msamiati wote upya. Tanzania, Burundi iliyojiunga mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyojiunga mwaka 2022 zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya hiyo hufuata mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, ambamo saruji iko chini ya 2523 katika lugha yoyote. Tarehe nazo zina kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kinachoanza na mwaka, na hivyo tarehe 3 Aprili haitasomwa kuwa Machi 4.

Kinachokosekana, na ambacho hakuna atakayekuja kutuandikia, ni orodha ya sababu za kukataa na kushindwa katika biashara ya ziwa hili: meli imejaa, upepo umezuia safari, nyaraka ni pungufu na ni ipi inayokosekana, malipo hayajathibitishwa, mzigo umepungua uzito tangu ghalani, mpokeaji hakujitokeza. Naomba mawakala wa forodha na wenye meli mlioko hapa mtutajie sababu hizo kwa maneno mnayoyatumia kila siku. Wahandisi watazipa namba, wenzetu wa Bujumbura na Kalemie watazihakiki kwa Kifaransa, na kila hali ya kukataliwa au kushindwa katika A2A, pamoja na kila kosa la utekelezaji katika MCP, ibebe mojawapo ya namba hizo kando ya maelezo yake. Karatasi na kalamu ziko kwenye meza ya nyuma, nami nitabaki hapa mchana wote kuziandika pamoja nanyi.